Masaa ya Tata Muamba

Upepo ule haukuwa na adabu hata kidogo. Uliingia Kolwezi, kwenye migodi ya Zaire, siku ya Jumanne, mwezi wa pili wa mwaka wa sabini na tano, saa tisa alasiri, watu wa poste, yaani zamu, ya asubuhi wakiwa ndiyo kwanza wanavua viatu nyumbani. Ukang'oa mabati, ukalaza mikalitusi barabarani, ukabeba nguo za watu kutoka kwenye kamba na kuwapelekea wasiozijua. Ulipochoka kuchezea nyumba zetu ukaenda kuangusha minara sita ya nyaya zinazoleta umeme kutoka bwawa la Nzilo. Asubuhi yake honi ya kazi haikulia. Watu walioamshwa na honi hiyo kwa miaka ishirini walilala mpaka jua likawachoma machoni, wakatoka nje na kuulizana kama wamekufa.

Mafundi walisema wiki tatu. Kampuni ya migodi ilikuwa na mipango yake, lakini mitaa ya wafanyakazi ililetewa jenereta moja juu ya lori, kuukuu, la rangi ya kijani, na mafuta ya mazuti ya kuliendesha saa kumi tu kwa siku. Tena halikuwa na nguvu ya kubeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Ukiipa umeme pampu ya maji, hospitali inabaki gizani. Ukiipa hospitali, mabomba yanakauka. Ukikipa kinu, wanawake wanapata unga lakini hawana maji ya kuusongea. Ilibidi apatikane mtu wa kugawa masaa, na mtu huyo asiwe na upendeleo.

Wakamchagua Kalombo. Kwenye karatasi za serikali alikuwa Citoyen Kalombo, kama ilivyotakiwa siku zile. Nyumbani mke wake Ndaya aliendelea kumwita Omer, jina la ubatizo lililokatazwa na serikali, mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa fundi umeme, lakini hawakumchagulia hilo. Kila Noeli wafanyakazi wa karakana yake walichinja ng'ombe, na kila mwaka kisu kilikuwa mkononi mwa Kalombo, kwa sababu aligawa mafungu yote kwanza na kuchukua lake mwisho, lile ambalo wengine wameliacha. Mara mbili alirudi nyumbani na kwato, na Ndaya akamnunia siku nzima.

Akafanya kazi hiyo ya masaa kama alivyofanya ile ya nyama. Kwenye kibanda cha jenereta alifunga vipini vinne vya chuma: cha pampu, cha hospitali, cha kinu, na cha chumba baridi cha maiti, yaani morgue, kilichokuwa nyuma ya hospitali. Ukutani alitundika ubao wa shule, akaandika kwa chaki, kila mtu asome: Pampu saa sita. Hospitali saa tatu. Kinu saa moja. Morgue, sifuri. Aliyefiwa azike siku ya pili, ndugu wa mbali wawe wamefika au hawajafika.

Kaida hiyo ya mwisho iliuma, na wa kwanza kuumwa alikuwa Tata Numbi, yaani Baba Numbi, mchomeleaji wa karakana. Kijana wake alifariki Alhamisi kwa jeraha la bati la siku ya upepo. Mjomba wa kijana alikuwa njiani kutoka Sandoa. Numbi alikuja kibandani, akasimama mbele ya ubao muda mrefu akisoma mstari ule ule.

"Ni ya batu bote?" akauliza, kwani kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi watu wote ni batu bote.

"Ni ya batu bote, tata," Kalombo akamjibu, na akaona aibu kwa kuwa sahihi.

"Sawa. Kama ni ya bote, ni ya bote." Akaenda kumzika mtoto wake. Mjomba alipofika alikuta udongo mbichi.

Jumamosi alfajiri akafa Tata Muamba, baba mzazi wa Ndaya. Mzee huyo aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, akachimba shaba mpaka vumbi likajaa kifuani mwake, na tangu mwezi wa kumi hakuwa na pumzi ya kupanda ngazi mbili. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Lakini kushangaa ni kitu kimoja, na kuzika ni kingine. Kaka yake mkubwa, Badibanga, alikuwa Luputa. Ujumbe wa kwamba mgonjwa amezidiwa ulikuwa umemfikia kabla ya msiba, na tayari alikuwa ndani ya treni. Safari ya kupitia Kamina na Tenke, kwa treni za wakati ule, ilikuwa siku tano ukiwa na bahati.

Ndaya alimvuta mume wake chumbani, akamshika mikono yote miwili. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti haikutetemeka. Alikuwa amekwisha kulifikiri jambo lake.

"Omer, sikia. Baba mukubwa akifika na akute kaburi, weye unajua kile batasema. Batasema mama njo alimukula baba na bulozi, na akamuficha mbio mbio mu udongo. Batamunyoa kichwa. Batamutosha mu nyumba na nguo moya, batamurudisha Kasai, na kule hana tena mutu. Nakuomba siku tano. Paka tano tu."

"Na Tata Numbi, nitamuambia nini?"

"Tata Numbi hakukuwa na mama wa kunyolewa kichwa." Hapo ndipo sauti ilipovunjika.

Usimcheke Kalombo. Mtu anaweza kuwa mwadilifu kwa nyama ya ng'ombe miaka kumi na mbili, kisha siku moja fungu lililo mbele yake likawa baba wa mke wake. Alijua kwamba Ndaya hatii chumvi. Alikuwa ameona kwa macho yake mjane mmoja wa mtaa wa pili akipakiwa kwenye treni akiwa na kipara na kitenge kimoja. Usiku wa Jumamosi alikwenda kibandani akafuta ubao, akaandika upya: Pampu saa tatu. Hospitali saa sita. Kinu saa moja. Mstari wa morgue hakuurudisha. Saa tatu za hospitali zikaenda hospitali. Zile nyingine tatu zikaenda nyuma ya hospitali, kwenye chumba chenye kuta nene, alikolala Tata Muamba peke yake.

Hakuna aliyeuliza. Nani atamnyima mgonjwa? Watu walisoma, wakatikisa kichwa kwa huruma, wakaenda kupanga foleni ndefu zaidi kwenye bomba. Na Mama Odile, mkuu wa chumba cha kujifungulia, hakuwa na nafasi ya kwenda kusoma ubao. Watoto wa mwezi ule walizaliwa kana kwamba upepo ndio uliowaita.

Lakini kuna mtu mmoja aliyemtesa Kalombo tangu Jumapili, naye hakumsemesha hata neno. Mama Mbelu, mama wa Ndaya na mjane mwenyewe, aliacha mkeka wa matanga asubuhi, jambo ambalo si la kawaida, akaja kukaa chini karibu na kibanda cha jenereta. Alikaa akimpa Kalombo mgongo. Jioni akarudi nyumbani. Jumatatu akaja tena, Jumanne tena, mgongo ule ule, kitenge cheusi kile kile.

Ni lazima ujue jinsi ilivyokuwa kati yao. Kwa Baluba wa Kasai, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Kwa miaka kumi na mbili Kalombo alikuwa amemjua mama huyo kwa mgongo, kwa kikohozi, na kwa ladha ya matembele aliyomtumia kwa mkono wa Ndaya. Lenye kusemwa lilipita kwa Ndaya, likarudi kwa Ndaya.

Basi Kalombo aliusoma mgongo ule kama anavyousoma mtu mwenye deni moyoni. Alijiambia: mama amekuja kulinda masaa ya mume wake. Anahofia nitayakata. Kila akikishusha kipini cha pampu na kukipandisha cha morgue alikitazama kile kitenge cheusi na kusema kimoyomoyo, usiogope, mama, nimekishika. Akawa anaingia kibandani kwa mlango wa nyuma ili asimsumbue.

Maji nayo yalikuwa yanapungua. Kwa saa tatu pampu haikufikisha maji kwenye nyumba za juu, na wanawake wa huko wakaanza kuchota bondeni, mahali ambapo mvua ilikuwa imeshushia uchafu wa vyoo vya mtaa mzima. Séraphin, mlinzi wa pampu, mtu mpole asiyependa kelele, ndiye aliyeleta habari Jumanne asubuhi. "Batoto beko naharisha, Tata Kalombo. Jana nilihesabu saba. Lelo kumi na moya. Huwezi kuniongezea hata saa moya?" Kalombo alijibu kwamba atatazama, na akatazama pembeni.

Mchana huo foleni ya bidoni za maji ilikuwa imefika mpaka mlangoni pa kibanda. Numbi alikuwa ndani ya foleni, bidoni mbili mikononi. Mama Mbelu alikuwa mahali pake. Ndipo akatokea Mama Odile, aproni ikiwa na damu ya watu wengine, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ubao, akausoma mara mbili.

"Tata Kalombo, mi nimekuya kukuuliza. Batu banasema hospitali iko na saa sita. Nilizani ni bongo, kumbe ni kweli, imeandikwa. Mi napataka paka tatu tu. Lelo nimezalisha mama moya na taa ya petroli, na batoto benye kuharisha banalala chini. Zile tatu ingine zinaendaka wapi?"

Alikuwa haleti ugomvi. Alitaka kujua tu, kama mtu anayetafuta mzigo uliopotea njiani. Lakini macho ya foleni yote yakaingia kibandani. Kipini cha kwanza kilikuwa chini. Cha pili chini. Cha tatu chini. Cha nne kilikuwa juu.

Numbi aliweka bidoni zake chini, moja baada ya nyingine.

"Ile ya ine ni ya morgue," akasema taratibu. "Muyomba ya mutoto yangu alifika, akakuta udongo. Akaniuliza, juu ya nini haukuningojea? Mi nikamuambia, tata, ni sheria ya batu bote, hata mukubwa wa kugawa anaifuata. Njo vile nilimuambia, na akanielewa, na tukalia pamoja." Akapumua. "Sasa nijibu, Tata Kalombo. Nilimudanganya?"

Kalombo alitaka kusema kitu. Alikuwa na maneno: Kasai, mjane, kichwa kinachonyolewa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililoweza kutoka mdomoni mbele ya baba huyo.

Ndipo mgongo ule mweusi ukainuka. Mama Mbelu alisimama kwa shida, magoti yalikuwa yameganda kwa kukaa. Akageuka. Akamtazama mkwe wake usoni, machoni, mbele ya watu wote. Mwanamke mmoja kwenye foleni alipiga ukelele mdogo na kujifunika uso kwa kitenge. Kalombo alirudi nyuma mpaka bega likagonga ukuta. Hakujua kwamba macho ya mama mkwe wake yalikuwa ya rangi nyepesi vile, sawasawa na ya Ndaya.

"Lelo nitakuangalia, mutoto yangu. Mungu anisamehe, na weye unisamehe. Siku tatu niko nakaa hapa. Unazani nachunga nini? Nachunga saa za bwana yangu?" Alitikisa kichwa. "Jumapili asubui mapema Ndaya aliniambia kile ulifanya. Nikamuambia, kimbia, ambia bwana yako baba yako azikwe. Akakatala. Nikamutuma tena, akalia, akakatala. Na mi siwezi kukusemesha. Kutuma mutu mwingine ni kukuuzisha kwa batu. Njo nikakuya hapa, nikakaa, nikasema, ataona tu. Bukwe yangu ni mutu wa akili, ataona mujane ameacha matanga, ataniletea mutu wa kuniuliza. Na weye unapitia mulango ya nyuma!"

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka.

"Mama," Kalombo akasema, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwambia neno hilo ana kwa ana. "Bakifika batakusumbua. Batasema ni weye…"

"Baseme. Nilioshaka mwili yake miezi tano, najua nani alimukula. Ni vumbi ya mugodi. Muamba alifanyaka kazi na batu ya hii mutaa miaka makumi tatu. Unataka alale mu baridi, batoto yabo bakunywe mayi ya choo? Akisikia hivi, atainuka mwenyewe, atatoka." Akanyoosha kidole kwenye kipini cha nne. "Zima."

Kalombo alikizima. Akapandisha cha pampu, na jenereta likakohoa, likakubali. Kisha akachukua kitambaa, akafuta ubao, akaandika kwa herufi kubwa ili hata aliye mwisho wa foleni aone: Pampu saa sita. Hospitali saa tatu. Kinu saa moja. Morgue sifuri. Na chini yake: Siku tatu niliiba saa tatu za pampu, nikampa baba wa bibi yangu Ndaya. Kalombo Omer. Aliandika na lile jina lililokatazwa, kwa sababu ndilo alilobatizwa nalo, na alihisi kwamba mbele ya kosa kama hilo mtu anapaswa kuwepo mzima.

Akamnyooshea chaki Séraphin, aliyekuwa amesimama na watu wa foleni. "Batafute mutu mwingine wa kugawa."

Ni Numbi aliyejibu, akiwa amekwisha kuinua bidoni zake. "Utakimbilia wapi? Chunga chaki yako. Na unionyeshe fasi ya kuchimba, sababu jua linaenda."

Wakamzika Tata Muamba jioni ile ile. Numbi alichimba tangu mwanzo mpaka mwisho na alikataa kupokewa koleo. Ndaya alilia sana kaburini, kisha usiku akamwambia mume wake, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba hakutaka kumdanganya mtu yeyote. Alitaka tu mama yake abaki na nywele zake. Kalombo hakumlaumu. Angemlaumu kwa mdomo gani?

Badibanga alifika Ijumaa, saa nne asubuhi, na sanduku la mbao kichwani mwa mchukuzi. Alikuwa mzee mrefu, koti limejaa masizi ya treni, midomo imepasuka kwa kiu. Aliingia nyumbani kwa marehemu bila kuvua kofia. Kalombo, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa ndani, alibaki nje chini ya dirisha, mahali pake pa siku zote, na kutoka hapo alisikia kila neno.

"Nani alizika mudogo yangu, macho yangu haiyamuona?"

"Ni miye," ilijibu sauti ya Numbi.

"Na weye ni nani?"

"Ni mutu mwenye kuzika mutoto yake vile vile, muyomba akiwa mu njia."

Kisha mzee akasema lile ambalo Ndaya alilihofia tangu Jumamosi, akalisema polepole, na Kalombo akafumba macho. "Bibi ya Muamba. Ulikuwa na mbio gani?"

Alisikia nyayo za mama mkwe wake zikienda jikoni, kifuniko cha ndoo, maji yakimwagwa kwenye kikombe cha bati, nyayo zikirudi, na magoti yakigusa sakafu.

"Kunywa mbele ya yote, tata mukubwa. Umetoka mbali. Hii mayi njo masaa ya ndugu yako. Balimupa saa tatu kila siku, akungojee mu baridi, na batoto ya mutaa bakakosa mayi. Mi njo nilizitosha kwake, nikazirudisha ku robine ya mayi. Hakuna mutu mwingine. Kunywa, kiisha uninyoe kichwa, kama unataka."

Ndaya alikuwa amekuja kusimama kando ya mume wake, akamshika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Wakasikia mzee akinywa, funda kwa funda, bila kupumzika, jinsi anavyokunywa mtu aliyekaa siku sita kwenye behewa. Kikombe kikagusa meza.

"Muamba," Badibanga akasema, si kwa mtu yeyote wa pale ndani, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Halafu akasema, "Niongezee," na wembe hakuuomba.

Ndaya alianza kulia, safari hii bila kujificha. Kalombo aliitazama saa yake ya mkono. Zilikuwa zimebaki dakika nne za pampu. Aliziacha ziishe zote, ndipo akaenda kubadilisha kipini.